Muguka Haupikwi Chunguni

Kabla hamjanirushia mawe naomba niseme wazi: mimi ni mtoto wa mkulima wa muguka. Karo yangu, sare niliyovaa, hata kalamu hii ninayoandikia, vyote vimetoka kwenye majani hayo. Kwa hivyo sisemi ung'olewe. Nisemalo ni moja tu: mtu asipande muguka hadi mlangoni akakosa pa kupanda chakula.

Ukitoka hapa Karurumo ukiteremka kuelekea Mbeere, hesabu mashamba njiani. Palipokuwa na mahindi, kunde na mbaazi, leo ni muguka. Wazazi wetu si wajinga. Muguka huvumilia jua, huchumwa mara nyingi kwa mwaka, na mnunuzi hulipa papo hapo. Mahindi nayo, mvua ikikatika wakati wa kutoa mbelewele, kwisha!

Lakini tukumbuke tuliyofunzwa katika Bayolojia tangu kidato cha kwanza. Jani ni jiko. Huchukua kaboni dayoksaidi hewani, maji kutoka mizizini na nguvu ya jua, likatengeneza sukari. Sukari inayozidi, mmea huigeuza wanga na kuiweka akiba: mhogo huweka kwenye mizizi, mhindi kwenye punje. Ile punje si zawadi yetu, jamani. Ni posho ambayo mmea umemfungia mtoto wake aliyelala ndani ya mbegu, apate nguvu kabla hajatoa majani yake mwenyewe. Tangu jadi binadamu ameishi kwa kula posho ya watoto wa mimea.

Muguka nao una majani na hutengeneza sukari kama wenzake. Ila sisi tunachuma vichipukizi vichanga, na kinachotafutwa mle si wanga wala protini, ni kichangamsho kiitwacho kathinoni. Hicho humpunguzia mtu hamu ya kula. Yaani unaondoa njaa bila kushibisha!

Najua kuna atakayeuliza, "Kwani kunde si tunachuma majani pia?" Ni kweli. Lakini majani ya kunde ni mboga yenye protini na madini ya chuma, na baadaye mmea uo huo hutupa mbegu. Tena ng'oa mkunde uangalie mizizi. Utaona vinundu vidogo. Pasua kimoja, kikiwa chekunduchekundu ndani, ujue bakteria wako kazini. Asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni, lakini mahindi hayawezi kuichukua hewani hata yakifa njaa. Bakteria wa kunde huichukua, na mabaki ya mimea hiyo yakiozea shambani, udongo unarutubika. Hata kwenye sahani ni hivyo hivyo: protini ya mahindi ina pengo ambalo maharagwe na kunde hulijaza. Wale mnaodharau githeri ya shule, mko hapo?

Sasa niwaeleze kwa nini jambo hili linanichoma. Mwezi wa Mei 2024 nilikuwa kidato cha kwanza. Kaunti za Mombasa na Kilifi zikapiga marufuku muguka, Taita Taveta nayo ikafuata. Rais alitangaza kwamba marufuku hiyo haina nguvu, na Mahakama Kuu ya Embu ikaisimamisha. Lakini kabla ya hapo mnunuzi wetu hakuja. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Majani yalikuwa yamejaa shambani, kijani kibichi, na nyumbani hakuna hata gorogoro moja ya mahindi. Mama alinituma kwa cucu jirani, ambaye watu walikuwa wakimcheka ati amebaki nyuma na kunde zake. Hakuniuliza kitu. Alisema tu, "Leta kiondo, mwanangu." Alinijazia majani ya kunde na mahindi makavu ya msimu uliopita. Nilirudi nimeinamisha kichwa, manake nami nilikuwa mmoja wa waliomcheka.

Usiku huo nilimwomba baba atenge kipande cha shamba. Akaniuliza, "Kunde zitakulipia karo?" Nilinyamaza. Leo jibu ninalo. Hapana baba, kunde hazitalipa karo. Lakini zitaizuia karo isiliwe. Pesa ya muguka inayokwenda dukani kila siku kununua mahindi na maharagwe ndiyo hiyo hiyo tunayofukuziwa shuleni.

Baba hakuniambia kitu, lakini mvua za Oktoba zilipoanza alinionyesha robo ekari. Nilipanda mahindi, na kunde katikati ya mistari. Hatujajitosheleza, nisiwadanganye. Ndege walikula, na mahindi mengine yalikauka. Ila miezi miwili tulikula bila kwenda dukani.

Wenzangu, sisi ni wanafunzi wa kutwa. Kila jioni tunarudi kwenye mashamba hayo, na haya tunayosoma hayapaswi kuishia kwenye mtihani. Ongea na mzazi wako kwa heshima, umwombe robo ekari. Akiba haiozi, hasa ile ambayo mmea wenyewe umeiweka.

Hayo ni maoni yangu. Aliye na yake na aandike.