Kabla ya Kulaumu Vim, Uliza Kama Kitufe Kimefika

Haya wasomaji, leo nina maoni ambayo huenda yakawaudhi baadhi yenu. Njia za mkato nyingi zinazokataa kufanya kazi ndani ya Vim hazina kasoro yoyote. Kitufe kilipotea njiani kabla ya kufika. Kubandika mistari 300 ya mipangilio ya mtu mwingine hakutakirudisha.

Tabia yenyewe mnaijua. Kijana anaanza kutumia Vim, anataka Ctrl-S ihifadhi faili kama alivyozoea kwingine. Anaongeza mstari mmoja kwenye vimrc, anabonyeza, kimya. Anaingia kwenye mtandao, ananakili vimrc ya mtu asiyemjua, anabandika, anajaribu tena. Ctrl-S bado kimya, na sasa hata Tab imeanza vituko. Saa mbili baadaye anatangaza kwamba Vim ni ya wazee. Mwenzangu, hukuuliza swali la kwanza: je, kitufe kimefika?

SAFARI YA KITUFE

Katika programu yenye dirisha lake, mfumo endeshi huiambia programu wazi kabisa: Ctrl imeshikiliwa, S imebonyezwa. Kwenye terminali mambo si hivyo. Humo Vim haioni kibodi, inaona baiti tu zinazoingia moja baada ya nyingine. Kitufe chako kinapita kwanza kwenye mfumo wa madirisha, kisha programu ya terminali, kisha tty iliyo ndani ya kerneli. Ukiwa kwenye seva ya mbali ongeza ssh, na pengine tmux. Vim iko mwisho wa foleni. Yeyote kati ya hao anaweza kukimeza kitufe au kukibadilisha, na hatakuambia.

Tena lugha ya baiti hizo ni ya kale. Kiwango cha ASCII kilitolewa mwaka 1963, na ndani yake Ctrl ikishikwa pamoja na herufi hutoa namba kuanzia 1 hadi 26 kwa kufuata alfabeti. Herufi I ni ya 9, na Tab pia ni 9. Herufi M ni ya 13, na Enter ni 13. Ctrl-[ ni 27, yaani Esc yenyewe. Kwa hiyo ukibadilisha kazi ya Ctrl-I kwenye terminali ya kawaida, umeigusa Tab pia, na hilo ndilo chanzo cha vile vituko. Ctrl-Shift-S nayo, kwenye terminali nyingi, hufika kama Ctrl-S ileile.

Na Ctrl-S, namba 19, ina kazi yake tangu zamani: huiambia tty isimamishe maandishi yanayokwenda kwenye skrini. Ctrl-Q, namba 17, huyaruhusu yaendelee. Ndiyo maana mtu akibonyeza Ctrl-S skrini inaganda, anadhani tarakilishi imekwama, anafunga dirisha zima na kazi yake ndani. Ilitosha kubonyeza Ctrl-Q. Matoleo mapya ya Vim, na Neovim pia, huzima mtindo huo yakianza kazi, lakini Vim za zamani bado ziko kwenye seva nyingi tunazozihudumia. Huko andika `stty -ixon` kwenye .bashrc yako, na tatizo limekwisha bila kugusa vimrc.

MASWALI MANNE, KWA MPANGILIO

Haya ndiyo ningependa kila mtu ayafuate kabla ya kunakili chochote.

1. Je, kitufe kimefika? Ingia katika hali ya kuandika, bonyeza Ctrl-V kisha kitufe unachokishuku. Vim itaandika ilichopokea. Isipoandika kitu, shida iko nje ya Vim na hakuna mstari wa vimrc utakaoitibu. Unaweza pia kutoka nje na kuendesha `cat -v`. Mshale wa juu, kwa mfano, huonekana kama ^[[A. Kitufe kikionekana nje ya tmux lakini kisionekane ndani yake, mwizi umeshamjua.

2. Je, kuna mwingine anayekitumia? Andika `:verbose nmap <C-p>` ukiweka kitufe chako mahali pa <C-p>. Vim itakuonyesha kazi iliyopewa kitufe hicho na faili iliyokipa kazi hiyo mara ya mwisho. Kumbuka plagini husomwa baada ya vimrc, kwa hiyo plagini inaweza kukipokonya kitufe chako bila wewe kujua.

3. Je, uko katika hali sahihi? `nnoremap` ni ya hali ya kawaida, `inoremap` ni ya hali ya kuandika. Njia ya mkato uliyoiweka kwenye moja haijulikani kwa nyingine.

4. Je, uliandika ulichokusudia? Hapa makosa mawili yanatawala. La kwanza ni kutumia `nmap` mahali pa `nnoremap`. Ukiandika `nmap ; :` halafu `nmap : ;` ili kubadilishana nafasi, kila kimoja kitamwita mwenzake hadi Vim ichoke na kutoa kosa E223. Kwa `nnoremap` hakuna shida. La pili ni kuweka maelezo mwishoni mwa mstari, hivi:

nnoremap <C-s> :w<CR> "hifadhi

Vim haijui kwamba hayo ni maelezo. Itahifadhi faili, itasogeza kielekezi, itachukua "h kuwa jina la rejista, itachukua i kuwa amri ya kuanza kuandika, halafu itachapa "fadhi" katikati ya kazi yako. Mtu anakuta "fadhi" ndani ya programu yake na kuanza kutafuta mchawi. Maelezo yaweke kwenye mstari wake.

Ukitaka kujua kwa haraka kama kosa ni la mipangilio yako, fungua `vim --clean`. Hiyo ni Vim isiyosoma vimrc yako wala plagini zako.

NA IKICHELEWA?

Kuna nyakati njia ya mkato inafanya kazi lakini kwa kusuasua. Ukiwa na ,w na pia ,wq, Vim ikiona ,w lazima isubiri kuona kama q inakuja. Muda wa kusubiri ni `timeoutlen`, na kwa kawaida ni milisekunde 1000, yaani sekunde nzima. Badilisha jina la moja kati ya hizo mbili.

Esc ni kisa kingine. Mishale, na vitufe vingi vya Alt, huanza na baiti ileile ya Esc, kwa hiyo Vim na tmux husubiri kidogo kuona kama kuna baiti nyingine nyuma yake. Ukiwa Kitale kwenye intaneti ya simu na seva iko Frankfurt, baiti za mshale mmoja zinaweza kufika kwa mafungu. Vim inaona Esc peke yake, halafu inachukua zilizobaki kama amri, na ghafla kuna herufi A au B kwenye mstari mpya ambao hukuufungua. Kwenye mtandao wa namna hiyo ongeza `ttimeoutlen` badala ya kulaumu kibodi.

MSIMAMO WANGU

Kuna watakaosema dawa ni kutumia terminali mpya. Ni kweli, kitty na wenzake wana itifaki inayotofautisha Ctrl-I na Tab, na ni maendeleo mazuri. Ila itifaki hiyo inafaa pale tu ambapo kila aliye njiani anaielewa. Asipoielewa mmoja, umerudi 1963.

Mimi nasema hivi: weka njia za mkato chache, na uzijenge kwa herufi za kawaida. Vim ina kitufe cha leader kwa kazi hiyo. Weka `let mapleader = ","` kisha `nnoremap <leader>w :w<CR>`. Mkato na herufi w hufika popote, kwa terminali yoyote na kwa mtandao wowote. Bill Joy alipoandika vi miaka ya 1970 alitumia terminali ya ADM-3A, ambayo mishale yake ilichorwa juu ya H, J, K na L. Alitumia vitufe ambavyo terminali yake ilikuwa navyo. Hiyo ndiyo sababu hjkl bado zinafanya kazi leo mahali ambapo Ctrl-Shift-kitu-fulani inashindwa.

Vimrc ya mistari 20 unayoielewa itakusaidia saa nane usiku seva ikiwa imelala na mteja anapiga simu. Ile ya mistari 300 uliyoiokota haitakusaidia, kwa sababu huwezi kurekebisha usichokijua. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Na kusoma si kazi ngumu hivyo. Bram Moolenaar, aliyeitoa Vim mwaka 1991 na kuilea hadi alipofariki mwaka 2023, ndiye ambaye Vim yake kwa miaka mingi ilikuwa ikituomba tuwasaidie watoto wa Uganda mara nyingi tulipoifungua bila faili. Aliacha maelezo mazuri humo humo ndani. Andika `:help map.txt` usome nusu saa. Hayahitaji hata intaneti.

Kazi njema, na mhifadhi faili zenu.