Usimlaumu mtumiaji

Kila mara mtu akisikia naandika programu, ananiletea wazo la programu ya simu ya kuhesabu hatua. Hoja ni ile ile: Wakenya wanaugua presha na kisukari kwa sababu ni wavivu, basi simu iwakumbushe kutembea. Jamani, tuache mzaha.

Sisi waandishi wa programu tuna dhambi moja ya zamani. Mfumo ukikwama, tunasema mtumiaji hajui kuutumia. Lakini watumiaji elfu moja wakibonyeza mahali pamoja pasipofaa, kosa ni la aliyepanga ukurasa. Dhambi hiyo sasa tumeipeleka hospitalini.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 magonjwa yasiyoambukiza, yaani moyo na kiharusi, saratani, magonjwa sugu ya mapafu, kisukari na mengineyo, yaliua watu wasiopungua milioni 43. Karibu robo tatu yao walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wote hao wavivu? Anayetoka Kibera kwa miguu alfajiri kwenda kibarua Eneo la Viwanda ana hatua nyingi kuliko mimi ninayekaa mbele ya kompyuta kutwa. Tatizo lake si hatua. Njiani anavuta moshi wa magari, jioni anavuta moshi wa jiko la makaa, na mchana anakula kilicho rahisi mfukoni, chumvi na mafuta tele. Hayo yote ni visababishi, na hakuna hata kimoja alichokipanga yeye.

Halafu kuna hili. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamepimwa presha hata mara moja maishani. Presha haipigi kelele. Ni kama seva inayochemka huku hakuna anayeiangalia, mpaka siku inapozima.

Utaniambia kila mtu ana hiari yake. Kweli, anayo. Lakini hiari huchagua kati ya vilivyopo. North Karelia nchini Ufini, ambako wanaume walikuwa wakifa sana kwa moyo, hawakuishia kuhubiri. Kuanzia 1972 waliwabana pia wauza maziwa na watengeneza soseji wapunguze mafuta na chumvi. Kufikia 2006 vifo vya moyo miongoni mwa wanaume wa umri wa kufanya kazi vilikuwa vimepungua kwa zaidi ya asilimia 80. Hata sisi, Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 haikumtumia mvutaji ujumbe wa kumkumbusha. Ilipiga marufuku matangazo ya sigara na uvutaji katika maeneo ya umma.

Kwa hiyo ukija na wazo lako la programu, nijibu kwanza swali moja: zahanati ya kwenu ina kipimo cha presha kinachofanya kazi?