Amana Si Fedha za Benki Peke Yake



Siku hizi neno "amana" limezoeleka masikioni mwetu kwa maana ya fedha zilizowekwa benki. Maana hiyo ni sahihi, ila ni finyu. Katika Kiarabu neno hili lina mzizi mmoja na imani, amani na amini. Basi anayekula amana hutikisa imani yake na amani ya jirani yake kwa pamoja.

Tuwatazame wenzetu walioazima neno hilihili. Waturuki husema emanet: ni mizigo ambayo msafiri huiacha ihifadhiwe kituoni, na ndilo jina la masalia matukufu yaliyomo katika kasri la Topkapı, Istanbul. Waindonesia husema amanat, wakikusudia agizo au hotuba ya kiongozi. Kwa Waalbania, amanet ni pia wasia wa mtu anayekaribia kufa.

Kwetu Katavi maana hizo zinaishi, ijapokuwa hatuzitaji. Mchimbaji humwachia mwenye duka fedha zake kabla ya kurejea machimboni. Mkulima huweka magunia ya mahindi kwa nduguye. Mzazi wa kijijini humleta mwanawe Mpanda mjini asome akiishi kwa shangazi. Fedha ni amana, magunia ni amana, mtoto ni amana, na siri ya nyumba ni amana vilevile.

Hatari kubwa ni mauti. Aliyeaminiwa akifariki bila kuandika, warithi hugawana mali wakidhani ni ya marehemu wao, na mwenye haki hubaki akidai bila ushahidi. Hapo undugu huvunjika.

Mtume wetu (s.a.w.) aliitwa al-Amin na watu wa Makka. Alipohama mwaka 622, alimwacha nyuma Ali bin Abi Talib (r.a.) arejeshe amana za watu, zikiwamo za waliompinga. Naye Allah, katika Suratun-Nisaa aya ya 58, ametuamrisha tuzirejeshe amana kwa wenyewe.

Basi wiki hii kila nyumba ichukue daftari. Baba na mama waandike: tunahifadhi cha nani, kiasi gani, tangu lini; kisha watie sahihi mbele ya mashahidi wawili. Tusiwarithishe watoto wetu mali ya watu.

Wabillahi tawfiq.