Nyama ya Halali Nayo Yataka Moto

Ndugu wasomaji, wengi miongoni mwetu wakifika buchani huuliza swali moja tu: "Amechinja Mwislamu?" Wakijibiwa ndiyo, hutia nyama kikapuni wakaona yamekwisha. Swali hilo ni la wajibu. Lakini katika Suratul Baqara, aya ya 168, tumeamrishwa kula kilicho halali na tena kizuri. Kisu cha mchinjaji huihalalisha nyama. Hakimuui tegu aliyemo ndani yake.

Tegu wa ng'ombe huanzia kwa binadamu. Mtu mwenye tegu akienda haja malishoni, mayai hutapakaa majanini. Ng'ombe akayala, na wana wa tegu wakajificha minofuni, ndani ya vifuko vyeupe vyenye ukubwa wa kunde. Mkaguzi wa machinjioni hupasua misuli ya taya na moyo kuvitafuta. Lakini vikiwa vichache, aghalabu humponyoka, na nyama hupigwa muhuri. Mwenye kuila mbichi au nusu mbichi, tegu hukomaa tumboni mwake kwa muda wa miezi 2 au 3, akafikia urefu wa mita 4 hadi 10, na huweza kuishi humo miaka mingi. Alama yake ni vipande bapa vyeupe chooni au katika nguo za ndani.

Basi akina mama, na ninyi vijana wachoma mishkaki, msidanganywe na weusi wa nje. Pasueni kipande kinene mtazame: wekundu ukiwamo, rudisheni motoni. Mnofu wataka joto la nyuzi 63 za Selsiasi katikati yake, kisha uachwe utulie dakika 3. Kima, nyuzi 71. Ndimu na pilipili hazishiki mahali pa moto. Wala mtu asionje kima kibichi cha sambusa ili ajue chumvi. Mjamzito ajihadhari zaidi, kwani nyama mbichi huweza kuwa na toksoplasma pia, kijidudu kimdhurucho mtoto tumboni. Kisu na ubao vilivyogusa nyama mbichi vioshwe kwa sabuni kabla ya kukatia kachumbari.

Aliyeiona alama asione haya. Aende kwa daktari, kwani dawa ipo, nayo ni prazikuanteli. Na atumie choo daima. Ajisaidiaye malishoni humlisha ng'ombe tegu, na ng'ombe humpelekea jirani, na watoto wa jirani. Je, hiyo ndiyo haki ya ujirani?

Wabillahi taufiq.