Biri za sikukuu na jani la tumbaku lisilo na jina

WAKATI wa sikukuu za Krismasi na Mwaka Mpya, Ipogolo huwa haina usingizi. Mabasi ya kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya, Njombe na Songea hupita hapo chini ya mlima wa Iringa mjini, na kila basi huacha watu wenye mabegi, maboksi na habari za huko walikotoka.

Miongoni mwa vitu vinavyoshuka na abiria hao ni biri, zile sigara nene za majani matupu ambazo vijana wa mjini huziita siga. Aliyepitia uwanja wa ndege wa Dubai au Johannesburg hununua tatu au nne za nchi mbalimbali, na jioni ya sikukuu ndugu na majirani huzionja moja baada ya nyingine wakibishana ipi kali, ipi tamu na ipi inazimika ovyo.

Hakuna ajabu katika hilo. Iringa ni mkoa ambao tumbaku ililimwa na walowezi wa Kigiriki kabla ya uhuru, na wazee wake bado wanaujua ugoro na kiko. Ajabu ni kwamba ubishi huishia kwenye utamu. Ni wachache wanaouliza swali ambalo mkulima angepaswa kuliuliza kwanza: jani la namna hiyo limefikaje kwenye bei hiyo?

Hesabu yake si ngumu. Biri moja ya ukubwa wa kawaida hubeba gramu 10 hadi 15 za tumbaku. Mkulima wa tumbaku ya mvuke nchini amekuwa akilipwa kwa wastani wa kama dola 2 za Marekani kwa kilo, mwaka mwingine zaidi kidogo, mwaka mwingine pungufu. Kwa bei hiyo, tumbaku yenye uzito wa biri moja ina thamani ya senti 2 hadi 3 za dola. Biri ya Cuba yenye jina kubwa, kama Cohiba, inauzwa makumi ya dola.

Ni kweli kwamba ndani ya bei hiyo kuna kodi, usafiri, faida ya muuza duka na mkono wa fundi anayeisokota. Lakini hata ukiondoa hayo yote, pengo linabaki kubwa mno kuelezwa kwa neno ulanguzi peke yake. Wanaolaumu walanguzi kwa kila kitu wangefanya vizuri kuipasua biri moja kwa kisu na kutazama kilichomo.

Ndani yake kuna majani ya aina tatu. Yapo ya katikati, lipo la kuyafunga, na lipo la nje ambalo mnunuzi huliona kwanza. Nchini Cuba, hasa mkoa wa Pinar del Río, majani ya chini ya mche huchumwa kwa sababu yanashika moto vizuri, ya kati kwa harufu, na ya juu kwa ukali. Jani la nje hulimwa kwenye shamba lililofunikwa kitambaa ili jua lisilikaushe na kulifanya gumu, na likiwa na tundu moja tu hushushwa daraja.

Baada ya kuchumwa, majani hutundikwa kwenye banda yakauke kwa hewa kwa muda wa wiki kadhaa, bila moto. Kisha huvundikwa. Hurundikwa pamoja yakiwa na unyevu kidogo, yakapata joto yenyewe, na msimamizi huligeuza rundo lisije likaungua. Joto hilo ndilo linalotoa harufu kali ya amonia na kulainisha ukali wa jani. Kazi hiyo hurudiwa, kisha majani huhifadhiwa kwa miezi, mengine kwa miaka, kabla ya kufika mezani kwa fundi. Mvutaji wa Ipogolo anayesema biri fulani "inakwaruza" mara nyingi anaongelea jani ambalo halikupewa muda huo.

Sasa wapo wanaodhani kwamba mkulima wa Iringa au Chunya anaweza kulichukua jani lake la mvuke, akalisokota na kuingia sokoni. Hapana. Tumbaku ya mvuke hukaushwa kwenye mabani kwa joto la moto wa kuni unaopita kwenye mabomba, na ukaushaji huo huacha sukari nyingi ndani ya jani. Ndiyo maana linafaa kwa sigara za kawaida. Likisokotwa kuwa biri, moshi wake huuma ulimi na kukausha koo. Atakayejaribu atapoteza tumbaku na wateja kwa pamoja.

Hata hivyo Nyanda za Juu Kusini haziishii kwenye mvuke. Ukipanda basi la Songea pale Ipogolo, ukapita Makambako na Njombe, unafika kwenye nchi ya tumbaku ya moshi. Wakulima wa Songea na Namtumbo wanaijua tangu enzi za chama cha ushirika cha Ngoni-Matengo kilichoanzishwa mwaka 1936. Jani hukaushwa juu ya moto wa wazi, moshi unalipita mpaka linakuwa jeusi na zito. Wengi huliona kuwa ni jani la kizamani, la ugoro na la kutafuna.

Waitaliano hawalioni hivyo. Ipo biri yao iitwayo Toscano, ambayo hutengenezwa kwa tumbaku ya moshi ya aina ya Kentucky, ndani na nje, na ilianza kutengenezwa Florence mwaka 1818. Habari inayosimuliwa ni kwamba mwaka 1815 shehena ya tumbaku ililowa mvua, ikaanza kuvunda kwa joto, na badala ya kuitupa wakaifanya biri za bei poa kwa ajili ya watu wa kawaida. Watu wakazipenda. Karne 2 zimepita na bado zinauzwa. Ni nyembamba, zimekunjamana kama kijiti cha mti, haziogopi ukavu, na wengi huzikata katikati wakavuta nusu leo na nusu kesho. Kati ya biri zote zinazoweza kufika kwenye meza ya sikukuu, hiyo ndiyo ndugu wa karibu wa tumbaku ya Songea, na bado ndiyo isiyoletwa na abiria kwa sababu sura yake haina fahari.

Kwa anayetaka kulinganisha kwa haki, ni vyema kuvuta moja kwa siku, baada ya chakula, za unene unaokaribiana, na kuandika kidogo kuhusu kila moja. Anayevuta nne kwa mkupuo jioni moja, huku bia zikizunguka, kesho yake atakumbuka kichwa kuuma tu.

Aidha isisahaulike kwamba moshi wa biri una madhara hata kwa asiyeumeza, kwa kuwa saratani ya kinywa na koo huwapata wavutaji wake, na biri kubwa moja inaweza kuwa na tumbaku inayokaribia pakiti nzima ya sigara. Sheria ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia tumbaku mtoto wa chini ya miaka 18, sikukuu au si sikukuu.

Lakini jambo kubwa zaidi ni la jina. Mashariki mwa Kameruni, na katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, wakulima wadogo wamelima jani la nje la biri ambalo kampuni ya familia ya Meerapfel hulinunua na kulipeleka ng'ambo. Baadhi ya biri za Arturo Fuente za Jamhuri ya Dominika zimevikwa jani hilo, na mvutaji wa New York husema bila kusita kwamba anataka "Cameroon". Ni jani la Mwafrika, limekauka kwa hewa ya huko, na nchi yake inatajwa.

Jani la Tanzania halitajwi popote. Likishateuliwa na kufungwa mitumba, huenda Morogoro kusindikwa, huko nje likachanganywa na la Zimbabwe, Brazil na kwingineko. Halina ubaya, ila limekuwa kama mchele unaochanganywa njiani: wa Kyela, wa Usangu na wa Kahama gunia moja, kisha muuzaji anaandika neno "Kyela" kwa sababu ndilo jina linalouzika. Wafanyabiashara wa Ipogolo wanaufahamu mchezo huo vizuri kuliko mtu yeyote. Kwenye tumbaku mambo ni mabaya zaidi, kwani hakuna hata jina la kuiba.

Je, vyama vya msingi vya kusini vifanye nini? Kwanza visikimbilie mbegu mpya. Kilimo cha tumbaku hapa nchini kinaendeshwa kwa mkataba, na mkulima aliyelima aina isiyo na mnunuzi atabaki nayo ghalani huku mkopo wa pembejeo ukimsubiri na ada za shule zikidaiwa Januari. Mnunuzi atangulie, mbegu ifuate.

Pili, viijaribu tumbaku iliyopo. Taasisi ya utafiti wa tumbaku iliyoko Tabora, TORITA, ndiyo mahali pa kuulizia iwapo jani la moshi la Namtumbo linaweza kuvundikwa likatoa biri ya aina ya Toscano, na ni majani mangapi kwa kila mche yanafika ukubwa wa kufaa kuwa jani la nje. Hilo ni swali la ekari chache na msimu mmoja au miwili. Linahitaji pia mkulima akubali kupanga majani yake kwa ukubwa na ukamilifu, jani moja moja, badala ya kuficha yaliyochanika katikati ya mtumba, tabia ambayo wateuzi wanaijua na ambayo imewaponza wengi.

Kilo 10 za sampuli iliyopangwa vizuri, isiyo na tundu wala ukungu, zinaweza kutoka Namtumbo, kupita Ipogolo na kufika Dar es Salaam ndani ya siku 2. Vyama vinalipia posho za vikao vingi kila mwaka. Nauli ya mtu mmoja wa kuifuatilia sampuli hiyo hadi kwa mnunuzi ingetosha kutoka kwenye kikao kimoja tu.