Kukodi Otomatiki Si Aibu

Baba mdogo, ambaye ameendesha matatu miaka mingi, alikwenda Ufaransa kumtembelea shangazi. Huko akakodi gari. Karani alipomwuliza kama anataka otomatiki, alikataa katakata, eti hilo ni gari la wasiojua gia! Isitoshe, bei yake ilikuwa juu.

Mimi nasema alikosea. Ufaransa magari hupita kulia, na usukani uko kushoto. Kwetu Kenya mkono wa kushoto ndio unaobadilisha gia. Kule ni wa kulia. Walipofika kwenye raundabauti, mkono wa kushoto ukatafuta gia, ukakuta mlango. Gari likazima pale katikati, lori nyuma linapiga honi, shangazi ndani analia. (Baba mdogo huiruka sehemu hii. Shangazi ndiye aliyetuambia.)

Jamani, macho yanajifunza upande mpya wa barabara. Mbona mikono nayo ipewe mtihani siku iyo hiyo? Ni kweli otomatiki za kukodi kule ni chache na ghali, lakini si angeagiza mapema? Mwezi wa Desemba anarudi tena, na shangazi ameshasema: bila otomatiki, yeye atapanda treni.