AFYA NYUMBANI: Kiuno Kiumacho Siku Nyingi

Mwalimu mmoja ametuuliza kwa barua mambo mawili. Mkewe aumwa na kiuno tangu mavuno ya mwaka jana: je, alale kitandani mpaka maumivu yaishe? Tena mganga wa hospitali amemshauri afanye mazoezi ya yoga, naye mama huyo aogopa asije akaingia katika ibada ya dini nyingine. Twajua kwamba maswali haya ni ya nyumba nyingi, kwa hiyo twayajibu hapa.

Kwanza habari ya kitanda. Kiuno kikiuma zaidi ya miezi mitatu, madaktari husema ni maumivu ya kudumu, na mara nyingi hawaoni mfupa uliovunjika. Jamaa humwambia mgonjwa, “Lala tu,” nao hunena kwa huruma. Lakini uti wa mgongo hushikwa na misuli ya tumbo, ya ubavu na ya mgongo, kama mlingoti ushikwavyo na kamba zake. Misuli isipotumiwa hulegea, na mgonjwa huamka dhaifu kuliko alivyolala. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mashauri juu ya maumivu haya: lilikubali mazoezi, wala halikukubali mikanda ya kiuno, ambayo wengi hutoa fedha zao kuinunua.

Sasa yoga. Asili yake ni Bara Hindi, na huko imefungamana na dini tangu kale. Hatulifichi neno hilo. Hata hivyo, mwaka 2017 ilitangazwa habari ya watu 320 wa Boston, Marekani, wenye maumivu ya kiuno. Waliofundishwa yoga kwa majuma 12 walipata nafuu karibu sawa na waliotibiwa na wataalamu wa mazoezi ya viungo. Basi twaona faida i katika kujinyosha na kutia mwili nguvu, si katika jina. Mama ambaye dhamiri yake yasumbuka na aliache jina, afanye mazoezi mengine ya mgongo, wala hatapungukiwa. Naye jirani afanyaye kwa amani asihukumiwe; someni Paulo alivyowaandikia Wakorintho habari za vyakula.

Mama huyo na aanze hivi, juu ya mkeka. Apige magoti na kuweka viganja chini, kama mtoto atambaaye. Aupinde mgongo juu polepole, kisha aushushe, mara kumi. Halafu anyoshe mkono wa kuume mbele na mguu wa kushoto nyuma, akaze tumbo pasipo kuzuia pumzi, ahesabu mpaka nane, abadilishe upande. Mwisho alale chali, akunje magoti, ainue nyonga na kuzishusha taratibu. Uchovu kidogo si kitu. Maumivu makali yakija, apunguze. Nafuu haiji kwa siku tatu, bali kwa majuma mengi. Na mumewe amsaidie kuteka maji siku hizo, hata kama majirani watacheka.

Lakini miguu ikipoteza nguvu, au sehemu za siri zikifa ganzi, au mkojo ukizuilika au kutoka wenyewe, asingoje mazoezi wala dawa za nyumbani: apelekwe hospitali siku ile ile. Na kiuno kikiuma pamoja na homa, jasho la usiku na kukonda, apimwe upesi, maana kifua kikuu huweza kuingia hata katika uti wa mgongo.